Chuo Kikuu ni Nyumba ya Nani?

 Kaeni vizuri, na yule aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo ili walio nyuma wasikie. Mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu: CHUO KIKUU, MWENYEJI, UTAFITI. Mawili ya kwanza mnayajua. La tatu wengine huliita uchunguzi. Maana yake ni kutafuta kwa bidii na kwa utaratibu jambo lisilojulikana bado, au kulipima upya lile linalodhaniwa kuwa linajulikana.

Leo nitazungumza nanyi juu ya chuo kikuu cha umma. Cha umma maana yake ni chenu. Fedha za kodi ambazo wananchi hulipa, sehemu yake huenda kulipa walimu wa chuo, kujenga mabweni na kununua vitabu. Tena wengine kati yenu mna watoto huko, au mtakuwa nao siku moja. Basi mna haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: mtoto wangu akifika kule, atakuwa mwenyeji au mgeni? La pili: elimu ya wataalamu wale, je, itafika kisimani kwangu? Watu wengi hudhani kwamba maswali haya hayahusiani. Mimi naona ni swali moja lenye pande mbili, na nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na somo lilikuwa moja tu, yaani sheria. Wanafunzi hawakufika 15. Fikirini darasa hilo: ni dogo kuliko darasa lenu wengi wenu. Mtu akikosa kuja, kila mmoja anajua. Akiugua, kuna wa kumpelekea uji. Katika nyumba ndogo namna hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtu kuwa mwenyeji.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji, na mpaka leo watu hupaita Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili, na Mwalimu Nyerere akawa mkuu wake wa kwanza. Masomo yakaongezeka, idara zikaongezeka, na leo wanafunzi wake wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Ni jambo la kushukuru. Lakini katika nyumba ya watu wengi hivyo mtu aweza kupotea huku amesimama katikati ya wenzake.

Kilima nacho kina shida yake, kwa kuwa aliye juu huwaona watu wa chini kuwa wadogo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana mpaka Ikulu. Walikuwa wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumike kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee mshahara uliopunguzwa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wanafunzi wa chuo zaidi ya 300. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walipokelewa tena mwaka uliofuata. Sisemi kwamba vijana wale hawakuwa na neno la haki hata moja. Nasema kwamba chuo na wananchi walikuwa wamekuwa wageni wao kwa wao, na jambo hilo liliwashtua wote.

Baada ya hapo walimu na viongozi walikaa kufikiri. Likaja wazo kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria, wa sayansi au wa udaktari, asome pia somo moja la pamoja juu ya maendeleo ya nchi yake. Mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ili kusimamia somo hilo. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Wakaketi katika benchi moja watu waliokwisha kufundisha shule, kuuguza wagonjwa na kulea watoto. Mpango huo ulikuwa na taabu zake na haukudumu. Lakini watu wa namna hiyo hawaulizi maswali ya kitabuni tu.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wa siku hizi. Ni nini kinachomfanya awe mgeni? Nitataja yale niliyoyaona mwenyewe. Kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika sekondari, na akifika chuoni bado anaogopa kufungua kinywa. Pili ni kitanda. Mabweni hayatoshi, na wanafunzi wawili hulala katika kitanda cha mmoja. Wenyewe wana neno lao, husema wanabebana. Tatu ni fedha za mkopo wa serikali, ambazo wao huziita bumu. Zikichelewa, mtoto wa mkulima hula mara moja kwa siku, naye hasemi, maana anaona haya.

Mambo haya hayaponywi kwa hotuba ya siku ya kwanza. Huponywa na mlezi wa bweni anayejua nani hajaonekana tangu Jumatatu, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemwonyesha mgeni ofisi ya mikopo badala ya kumcheka. Huponywa pia na mwalimu anayeyajua majina ya wanafunzi wake. Na mzazi naye ana kazi. Msimwulize mtoto kwa simu juu ya mitihani tu. Mwulizeni: unakula na nani?

Nitawapeni habari yangu mwenyewe. Nilipokwenda kuchukua stashahada, katika chuo ambacho sitakitaja, nilisimama siku moja kujibu swali. Neno moja la Kiingereza nikalitamka kama tulivyolitamka kijijini kwetu. Darasa likacheka, na mwalimu akacheka pamoja nalo. Tangu siku hiyo sikusema tena darasani karibu muhula mzima.

Kisha akaja mwalimu mwingine, akatueleza juu ya kijiji fulani kilichopewa pampu ya maji, na kina mama wakaendelea kuteka katika bwawa la zamani. Akasema sababu ni ukosefu wa elimu. Mimi niliketi pale nikijua kwamba sivyo. Kwetu tulikuwa na pampu kama ile. Mpini wake ulikuwa mzito, na wanaotumwa maji ni wasichana wa miaka tisa au kumi. Tena ilifungwa kwa kufuli saa sita mchana, kwa sababu mlinzi alikwenda kula, na hakurudi upesi. Moyo ukanidunda, lakini nikainua mkono. Mwalimu akaweka chaki chini. Akaniuliza maswali kama kumi, na majibu yangu akayaandika katika daftari lake. Aliandika, mabibi na mabwana! Toka siku ile nilijua njia ya maktaba.

Mnaona sasa kwa nini nilisema ni swali moja? Kama ningebaki mgeni, jibu lile lingebaki tumboni mwangu, na mtaalamu yule angeendelea kuwalaumu kina mama.

Sasa neno letu la tatu, utafiti. Chuoni elimu imegawanywa katika vyumba. Kuna chumba cha wahandisi, cha madaktari, cha wanajiografia, na cha wale wanaochunguza desturi za watu. Mgawanyo huu una faida, maana hakuna kichwa kinachoweza kubeba yote. Lakini tatizo la maji haliji likiwa limegawanywa. Linakuja zima, kama mbuzi aliye hai.

Kati ya mwaka 1966 na 1968 ulifanyika utafiti katika mahali 34 pa Kenya, Uganda na Tanzania. Walioungoza walikuwa Gilbert White, mwanajiografia kutoka Marekani, na mkewe Anne White, pamoja na David Bradley, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Hawakuanza na mitambo. Walianza na mwenye kuteka: anatoka nyumbani saa ngapi, anabeba debe ngapi, kwa nini anachagua kisima hiki na kukiacha kile. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972.

Hapa nataka msikilize kwa makini. Kabla ya hapo, wengi walifikiri kwamba hatari ya maji ni uchafu wake tu. Watafiti wale wakayapanga magonjwa ya maji katika mafungu. Kuna magonjwa ya maji tunayokunywa, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Kuna yale ya maji tunayoingia kwa miguu, kama kichocho. Kuna yale yanayoletwa na wadudu wanaozaliana majini, kama malaria. Na kuna fungu lingine, la magonjwa yatokanayo na uhaba wa maji: upele, na ule ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengi huuita vikope. Mtoto hupata vikope kwa sababu maji ya kumnawisha uso hayatoshi. Kwa hiyo, kama kisima ki mbali, mama analeta debe moja tu, na debe hilo ni la kupikia na kunywa. Umbali wa kisima umekuwa ugonjwa wa macho. Mwanajiografia anayepima umbali tu asingeliona jambo hili, na daktari anayetazama jicho tu asingeliona. Iliwapasa waketi pamoja, kisha wamwulize mama.

Miaka 30 hivi baadaye watafiti wengine walirudi mahali hapo. Wakakuta kwamba katika nyumba zisizo na bomba, muda wa kuteka maji umeongezeka sana. Utafiti mzuri haujengi kisima. Huko ni kazi ya serikali na yetu sote.

Mfano mwingine ni wa redio kama hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya chuo kikuu, iliwaleta pamoja watu wa afya, waalimu na watangazaji. Viongozi wa vikundi kiasi cha 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni mbili walikaa kusikiliza, kusoma na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo. Huenda bibi yako alikuwamo. Mwulize kama yuko.

Mbona basi jambo hili halifanyiki kila siku? Kwa sababu kila idara ina fungu lake la fedha, mitihani yake, na maneno yake magumu. Mwalimu wa chuo hupandishwa cheo hasa kwa maandishi ya somo lake. Wala tusiwacheke, hata sisi maofisa, nimeona ofisi ya maji na ofisi ya afya katika ukumbi mmoja, na watu wake hawajui majina ya wenzao.

Basi, redio ikinyamaza, mwalimu wenu atawaongoza katika mazungumzo. Chagueni tatizo moja la hapa mlipo, la maji, la mifugo au la barabara. Semeni ni wataalamu wa namna gani wangepaswa kukutana juu yake, na ni nani hapa kijijini wangepaswa kumwuliza kwanza. Kisha kila mmoja aandike barua fupi, mistari mitano tu, kwa kijana aliye chuoni, wa kwake au wa jirani, kumweleza tatizo hilo. Atakayeshindwa na herufi amwombe mwenzake, lakini jina lake aliandike kwa mkono wake. Juma lijalo tutasoma namna ya kuandika anwani juu ya bahasha. Kwaherini.