Vifaa vya Akiba vya Mzamiaji

Samaki huvuta pumzi majini, lakini mwanadamu akizama hana budi kuichukua hewa yake mgongoni. Mwaka 1943, katika nchi ya Ufaransa, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kilichompa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi wa chuma, kwa kadiri alivyovuta pumzi. Lakini kifaa huweza kuharibika, na aliye chini ya maji hawezi kungoja fundi.

Katika bahari iliyo wazi, mzamiaji apatwaye na shida karibu na uso wa maji huweza kupanda juu. Sivyo ilivyo mapangoni. Huko Florida, jimbo la Marekani lililo upande wa kusini, maji yameila miamba ya chokaa muda wa miaka mingi, hata yakatokea mapango marefu yaliyojaa maji, ambayo milango yake ni chemchemi maangavu. Ndani yake juu ya kichwa cha mtu pana jiwe, na giza ni tupu. Watu wengi wamekufa humo. Mwalimu mmoja wa hesabu, jina lake Sheck Exley, alichunguza sababu za vifo hivyo, akaandika kitabu mwaka 1979. Aliona kwamba wengi hawakufunga kamba ya kuwaongoza mpaka mlangoni, au hawakuweka akiba ya hewa ya kurudia.

Hesabu ya hewa ni hii. Tuseme kipimo cha mtungi chaonyesha 180. Mzamiaji hutumia 60 kwa kuingia, kisha hugeuka, akiwa na 120. Kwa nini asigeuke ifikapo 90, nusu kwa nusu? Kwa sababu huenda mwenzake akapotewa na hewa yote pale pale walipo mbali kabisa na mlango. Hapo 60 ni zake za kutokea, na 60 ni za mwenzake.

Hewa hiyo hupitia vipumulio viwili, kila kimoja na mpira wake. Kile kilicho kinywani kina mpira mrefu, kama meta 2, nacho ndicho apewacho mwenzake, maana kimekwisha kujulikana kuwa chafanya kazi. Urefu huo huwawezesha kupita penye wembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Kipumulio cha pili huvaliwa shingoni kwa kitanzi cha mpira, chini ya kidevu, hata mtu aweza kukishika kinywani bila kukitafuta kwa mkono. Kikiachwa kining'inie ubavuni, hukokotwa chini na kujaa matope na mchanga. Siku ya haja mwenyewe hukipapasa asikione. Na akikiona, pengine humpa tope badala ya hewa.

Taa ni tatu: moja kubwa ya mkononi, na mbili ndogo zilizofungwa kwenye mikanda ya mabega. Taa hizo ndogo hubanwa na vipete vya mpira, zisije zikabembea na kunasa kamba ya njia. Kulabu zake hazifungwi kwa chuma juu ya chuma, ila kwa uzi wenye nguvu. Kulabu ikikwama, kisu hukata uzi, lakini chuma hakikatiki. Miwani ya akiba hukaa katika mfuko wa pajani, kioo chake kisikwaruzwe na mwamba.

Kabla ya kuingia pangoni, wazamiaji husimama katika maji machache wakakaguana. Kila taa huwashwa, kila kipumulio huvutwa pumzi, na kila mtu hupeleka mkono nyuma ya shingo aone kama azifikia vali za mitungi. Wakati wa kujifunza hufanya hayo wamefumba macho, kwa maana teke moja la mguu laweza kutimua vumbi la tope, mtu asiuone hata mkono wake mwenyewe.

Taa kubwa ikizimika, safari imekwisha hapo hapo, ingawa zile mbili ndogo bado ni nzima. Mzamiaji huwasha moja, akainua kidole gumba. Mwenzake haulizi sababu. Wote wawili hugeuka, wakaifuata kamba mpaka mlangoni.