Mbwa wa Polisi na Jua la Kiangazi

Kati ya Desemba na Februari, kabla ya mvua za Machi, jua huwa kali mashariki ya Uganda. Askari wa Jinja, kando ya Mto Nile, au wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, akishindwa na joto huomba maji na kivuli. Mbwa anayefuata nyayo za mwizi hawezi kuomba. Yeye hutii amri mpaka aanguke.

Mbwa hatoki jasho ila kidogo tu kwenye vitanga vya miguu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Sentigredi. Likipita 41, uhai wake umo hatarini. Kwa hiyo kumbana mdomo kwa ukanda juani, au kumfungia ndani ya gari, ni kumnyima njia ya kujipoza. Tena, mbwa anayehema sana hanusi vizuri: kabla mbwa hajafa, mhalifu amekwisha kutoroka.

Yafaa basi msako ufanywe alfajiri au jioni kila iwezekanapo, lami ipimwe kwa kiganja, na maji ya mbwa yabebwe pamoja na ya askari. Mbwa akiyumba, akitapika au kutokwa na ute mzito, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi mwilini na apepewe. Ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Bunduki isiyotunzwa hukwama; mbwa asiyetunzwa hufa.