Nani Amelifuta Neno? Uwajibikaji wa Mtu Binafsi katika Jumuiya Isiyo na Mkuu

Makala hii inahusu swali la wanafunzi wetu wa Ibanda wanaoanza kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003: mwenye mamlaka humo ni nani, na anayeona ameonewa ashitaki wapi?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Bukavu anaandika munganga, kama asemavyo nyumbani. Mhariri mwingine anaandika daktari mahali pake. Mwanafunzi analirudisha neno lake. Mwenzake analifuta tena. Mvutano huu una historia ndefu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliwakilisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Mkongo anaposahihishwa, huhisi amefukuzwa katika lugha ambayo katiba ya nchi yake ya mwaka 2006 inaitambua kuwa ya taifa.

Hakuna mhariri mkuu wa kuamua. Wapo wakabidhi, wanaochaguliwa na wachangiaji wenzao. Hao waweza kuulinda ukurasa au kumzuia mharibifu, lakini cheo chao hakiwapi kauli ya mwisho juu ya maudhui. Nguzo za amani ni mbili: historia ya ukurasa, inayoonyesha kila badiliko, saa yake na akaunti iliyolifanya, na ukurasa wa majadiliano. Hata lakabu hubeba dhamana, kwa kuwa matendo yake hubaki yameandikwa chini yake. Kurudisha tu bila kujieleza si suluhu. Ndiyo maana Wikipedia ya Kiingereza, tangu mwaka 2004, inamkataza mhariri kutengua mabadiliko ya wengine katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu kwa saa 24.

Hapa sarufi yetu ina la kutufunza. Aandikaye "neno limefutwa" amejificha nyuma ya kiambishi cha kutendwa, mtenda hatajwi. Aandikaye "sisi Watanzania hatusemi hivyo", au "sisi Wakongo tunadharauliwa", amejificha ndani ya tu-. Ni "nimelifuta kwa sababu..." tu inayompa mwenzake mtu wa kujibizana naye.

Nafsi ya wingi ina mahali pake. Barza Intercommunautaire, iliyoundwa Kivu Kaskazini mwaka 1998, iliwakutanisha wajumbe wa makabila tisa kusuluhisha migogoro, hasa ya ardhi. Mjumbe wa baraza la namna hiyo hana budi kusema "sisi", maana ametumwa na watu wake. Mhariri hakutumwa na mtu; akisema "sisi" anadai ujumbe asiopewa.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Anaweza kuandika: "Nimelirudisha neno munganga kwa kuwa ni ndugu wa mganga, na Tanzania yenyewe ina Mganga Mkuu wa Serikali." Hoja hiyo inajibika. Huenda mwafaka ukawa kuliacha daktari katika kichwa cha makala, na kueleza ndani yake kwamba mashariki mwa Kongo husemwa munganga. Neno lake limepata makao, naye hakuhitaji chifu wa kumtetea. Kabla ya kubonyeza, basi, kila mmoja wetu aandike sentensi moja inayoanza kwa ni-.