Tezo ya Kuazima

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, huazimana vyombo mchana kutwa: tezo, keekee, patasi, randa. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Nasi chuoni tulisomeshwa Suratul Maun, sura ya 107, iwakemeayo wanyimao, na Ibn Masud, sahaba wa Mtume (S.A.W.), aliifasiri maun kuwa ni shoka, chungu na ndoo, yaani vyombo watu waazimanavyo. Basi baba hakunyima.

Lakini tezo, ndugu msomaji, si ndoo. Huzoea mkono wa mwenyewe. Hutoka asubuhi ikiwa kali kama wembe, jioni ikarudi na pengo, imegonga msumari. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, chombo kikipotea aliyekiazima ndiye mdhamini. Haya, nani atamdai mwenziwe, na kesho watainua ubao mmoja?

Baba akanunua tezo ya pili, ya kuwaazima watu. Wapi! Wote waliitaka ile kali.

Siku ya hitima yake alinijia mzee mmoja na patasi mbili ndani ya kitambaa, akiomba radhi. Nilizipokea. Moja haikuwa ya baba.