Kupunguza Picha za Miswada kwa Mkupuo

Mtafiti anayezipiga picha kurasa za tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hujikuta na mamia ya picha, pengine za pikseli 4000 kwa 3000 kila moja, ilhali skrini yake ina 1920 kwa 1080 tu. Programu ya ImageMagick huzipunguza zote kwa amri moja. Hata hivyo, amri hiyo, mogrify, isipoelekezwa kwenye folda nyingine, huifuta picha asilia na kuweka ile ndogo mahali pake. Hasara hiyo si haba: herufi za b, t na th mara nyingi hutofautishwa kwa nukta tu, nazo hufifia upesi. Nakala ndogo ni za kupekulia. Neno lenye utata husomwa katika picha asilia.