Uvimbe wa Mafuta Chini ya Ngozi ya Mguu

Watu wengi wamewahi kugundua, wakati wa kuoga au kujipaka mafuta, kwamba pajani au juu kidogo ya goti pana kitu cha mviringo kilichojificha chini ya ngozi. Kikiguswa ni laini, kikisukumwa kwa kidole huteleza. Hakiumi, wala ngozi iliyo juu yake haikubadilika rangi. Mara nyingi mwenyewe hawezi kueleza kilianza lini. Kwa kawaida kitu hicho ni lipoma, yaani uvimbe wa mafuta. Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi huugundua wakiwa na umri wa kati ya miaka 40 na 60. Huota zaidi mabegani, shingoni na mgongoni. Mguuni makazi yake hasa ni paja.

Ili kuufahamu uvimbe huu, yafaa tukumbuke jinsi mwili unavyohifadhi mafuta. Chini ya ngozi liko tabaka la seli ambazo kazi yake ni kuweka akiba. Mtu anapokula kuliko anavyotumia, seli hizo hujaa. Anaposhinda na njaa, huitoa akiba yake. Lipoma imefanyika kwa seli za namna hiyo hiyo, hata chini ya hadubini hufanana mno na mafuta ya kawaida, ila zimejitenga ndani ya utando mwembamba na kuongezeka polepole, pengine kwa miaka mingi. Ajabu yake ni kwamba hazishiriki katika akiba ya mwili. Mtu aweza kukonda mpaka mbavu zikahesabika, na uvimbe wake ukabaki vile vile. Kwa hiyo wanaomshauri mwenye lipoma afunge kula ili uishe wanamtesa bure.

Katika lipoma nyingi wataalamu wamekuta kromosomu ya 12 imekatika karibu na jeni iitwayo HMGA2, ambayo inahusika na ukuaji wa seli. Zipo pia koo ambazo baba na wanawe huota vivimbe vingi mapajani na mikononi. Ugonjwa huu hauambukizi.

Lipoma yenyewe haina madhara. Lakini paja ni mahali pa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa saratani ya mafuta, iitwayo liposakoma, nayo huota mara nyingi ndani ya paja, katikati ya misuli. Nayo pia mara nyingi haiumi mwanzoni. Hapo ndipo wengi wanapopotea: hudhani kwamba kisichouma ni salama, wakakaa nacho mpaka kikawa kikubwa kama nazi. Mambo ya kutazamwa ni ukubwa, kina na mwendo wa kukua. Uvimbe uliozidi sentimita 5, ambazo ni karibu urefu wa yai la kuku, au unaozidi kukua mwezi hata mwezi, au uliowahi kukatwa ukarudi, haufai kungojewa. Kuhusu kina, msomaji aweza kujaribu hivi: akaze misuli ya paja. Uvimbe ulio juu ya misuli hubaki ukionekana na kuteleza. Ulio ndani hufifia au hushikamana usisogee. Huo wa pili upelekwe hospitali hata kama ni mdogo.

Si kila kivimbe cha mguu ni mafuta. Mtoki wa kinenani hufuata kidonda, na mshipa uliovimba hunywea mtu anapolala na kuinua mguu. Nyuma ya goti huweza kuwa na mfuko wa maji. Huko Mahenge, ambako usubi hueneza minyoo wa upofu, vinundu vigumu juu ya mifupa ya nyonga huenda ni makazi ya minyoo hao.

Desturi ya kuchanja uvimbe kwa wembe, au kuuunguza, ni mbaya kuliko watu wanavyofikiri. Ikiwa ni lipoma, mgonjwa hupata kidonda bila faida. Ikiwa ni saratani, seli zake hutawanyika katika nyama iliyo karibu, na mpasuaji atakayekuja baadaye hulazimika kukata sehemu kubwa zaidi.

Hospitalini daktari huupapasa uvimbe, kisha huupima kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Ulio mkubwa au wa ndani hupigwa picha ya MRI, na kipande kidogo hutolewa kwa sindano kabla ya upasuaji wowote. Lipoma ndogo isiyosumbua huachwa. Inayobana mshipa wa fahamu, au inayokera mtu anapokaa, huondolewa pamoja na utando wake kwa ganzi ya mahali pamoja, na aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Kinachotolewa hupelekwa maabara, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake.