Mashindano ya Roboti ya Kanda: Tuzo Hutolewaje na Mzazi Aulize Nini

Barua ya shule ikifika nyumbani kueleza kwamba mtoto amechaguliwa kwenda mashindano ya roboti ya kanda, maswali ya mzazi huwa matatu. Hiyo roboti inafanya nini? Mshindi anapatikanaje? Na gharama inalipwa na nani?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa wakazi wote, hata wale ambao shule zao hazijawahi kumiliki roboti. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: roboti iliyopata alama nyingi zaidi mezani si lazima ndiyo itakayochukua tuzo kuu. Tuzo kuu huenda kwa watoto wanaoielewa kazi yao na wanaoweza kuieleza. Mzazi akilijua hilo mapema, atajua pia pesa na muda wake vielekezwe wapi.

Njia mbili za kufika ngazi ya kanda

Njia ya kwanza ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yanayofahamika shuleni kama KSEF. Haya husimamiwa chini ya Wizara ya Elimu. Mradi huanza katika kaunti ndogo, hupanda hadi kaunti, kisha kanda, na mwisho taifa. Kwetu, kanda ni Pwani yenye kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Robotiki ni mojawapo ya makundi ya mashindano hayo, na mradi huwasilishwa na mwanafunzi mmoja au wawili.

Njia ya pili ni mashindano ya kimataifa yenye mchujo wa hapa nchini. Yanayojulikana zaidi ni FIRST LEGO League, yaliyoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa shirika la FIRST la Marekani na kampuni ya LEGO, na ambayo yameenea katika nchi zaidi ya 100. Timu huwa na watoto wasiozidi kumi. Kila msimu huwa na mada yake. Mada ya 2024/2025 ilihusu bahari, na ile ya 2025/2026 ilihusu akiolojia, yaani uchimbuaji wa mabaki ya kale.

Tutatumia mashindano haya ya pili kueleza jinsi tuzo zinavyotolewa, kwa sababu kanuni zake ziko wazi na yana aina nyingi za tuzo.

Roboti mezani: dakika mbili na nusu

Roboti ya mashindano haya haiendeshwi kwa rimoti. Watoto huiandikia programu kabla, wakaiweka mahali pa kuanzia, wakabonyeza kitufe na kuiachia. Juu ya meza kuna kazi kadhaa: kusukuma kitu, kuinua kingine, kubeba kifaa na kukileta upande mwingine. Kila kazi ina alama zake. Mchezo mmoja huchukua dakika mbili na nusu. Timu hucheza mara tatu, na alama za mchezo bora ndizo zinazohesabiwa.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapogeuka kuwa kazi ya mikono. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5.6. Ukizidisha kwa 3.14 unapata mzingo wa takriban sentimita 17.6. Gurudumu likizunguka mara moja, roboti imesonga sentimita 17.6. Ikiwa kazi iko umbali wa sentimita 88, gurudumu lizunguke mara tano.

Lakini meza huwa na vumbi, gurudumu huteleza, na roboti ikasimama sentimita mbili kabla ya kufika. Timu iliyotegemea kipimo pekee hukosa alama. Timu iliyojifunza zaidi huweka sensa ya rangi chini ya roboti, ikaiagiza isonge mpaka ione mstari mweusi. Kosa la mwanzo hurekebishwa na mstari.

Ipo pia adhabu ya kugusa. Timu huanza na vipande sita vya usahihi vyenye thamani ya alama 50. Mtoto akiishika roboti ikiwa katikati ya kazi nje ya eneo lake, mwamuzi huondoa kipande kimoja. Cha kwanza kikiondoka, alama 50 hubaki. Cha pili kikiondoka, hubaki 35, kisha 25, kisha 15, kisha 10. Vyote vikiisha, hakuna kitu. Kwa hiyo watoto hulazimika kuamua papo hapo: tuiokoe roboti iliyokwama au tuiache?

Chumba cha majaji

Sehemu hii watazamaji hawaioni, nayo ndiyo inayobeba uzito mkubwa. Timu huingia mbele ya majaji kwa takriban nusu saa, na mambo matatu huchunguzwa.

La kwanza ni muundo wa roboti. Majaji huuliza kwa nini mlichagua magurudumu haya, ni nani aliyeandika sehemu hii ya programu, na mlijaribu nini kikashindikana. La pili ni mradi wa ubunifu, ambapo timu hutafuta tatizo halisi linalohusu mada ya msimu, huzungumza na watu wanaolijua, kisha hupendekeza suluhisho. La tatu ni maadili ya msingi, yaani jinsi watoto wanavyoshirikiana, wanavyosikilizana na wanavyoitendea timu pinzani.

Kila kipengele hupimwa kwa ngazi nne, kuanzia anayeanza hadi aliyevuka matarajio. Mambo hayo matatu pamoja na mchezo wa mezani huwa na uzito sawa. Maana yake ni kwamba mezani ni robo tu ya kazi yote. Robo tatu zinategemea kile watoto wanachoweza kukieleza wenyewe.

Ndiyo maana mtu mzima akiwajengea watoto roboti huwa amewaumiza. Roboti itatembea vizuri mezani, lakini jaji akiuliza mstari wa tano wa programu unafanya nini, watoto watatazamana. Mwalimu au mzazi anaruhusiwa kuongoza, kuuliza maswali na kutafuta vifaa. Kazi yenyewe ni ya watoto.

Kwa upande wa mradi wa ubunifu, watoto wa Pwani hawako nyuma ya yeyote. Mada ya akiolojia ilipotolewa, shule za huku zilikuwa karibu na Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na magofu ya Gede, yaliyoingizwa mwaka 2024. Mada ya bahari nayo iko mlangoni petu: mvuvi anayejua wapi nyavu hunasa matumbawe ni mtaalamu ambaye timu ya mji wa bara haimpati kwa urahisi. Kuzungumza naye hakuhitaji kifaa cha bei ghali.

Tuzo na maana yake

Tuzo ya Mabingwa ndiyo kuu. Hupewa timu iliyofanya vizuri katika sehemu zote nne. Tuzo ya Utendaji wa Roboti hupewa timu yenye alama za juu zaidi mezani, na hii ndiyo pekee ambayo mtazamaji anaweza kuikisia kwa kutazama ubao wa alama. Zipo pia tuzo za muundo wa roboti, za mradi wa ubunifu na za maadili ya msingi. Nyingine hutambua timu iliyopiga hatua kubwa kati ya mwanzo na mwisho wa msimu, na timu changa inayotia matumaini.

Watu wengine huziita tuzo hizi za mwisho "za kufariji". Si hivyo. Mwaka 2017, mashindano ya kwanza ya FIRST Global yalifanyika Washington, Marekani, na mada yake ilikuwa upatikanaji wa maji safi. Wasichana wa Afghanistan, ambao mwanzoni walinyimwa viza mara mbili, walifika na kushindana. Hawakuongoza kwa alama, lakini walituzwa nishani ya fedha kwa ujasiri wao. Dhahabu ya kundi hilo ilikwenda kwa jirani zetu wa Sudan Kusini. Tuzo hizo zilitambua kazi iliyofanywa katika mazingira magumu, jambo ambalo ubao wa alama hauwezi kulionyesha.

Mzazi basi asimuulize mtoto "mlikuwa nambari ngapi?" pekee. Amuulize majaji walisema nini, na ni kitu gani timu itabadilisha mwakani.

Tuzo inampa mtoto nini, na haimpi nini

Tusidanganyane: kombe la roboti haliongezi alama za kujiunga na Sekondari Pevu. Hesabu ya Gredi ya 9 hutokana na mtihani wa KJSEA kwa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 kwa asilimia 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 kwa asilimia 20. Mashindano hayamo. Mtu akikuambia ulipie klabu ili mtoto apate nafasi katika shule fulani, muulize ameyatoa wapi.

Anachopata mtoto ni kingine. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na kila mmoja alihitaji kuchagua mkondo: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mtoto aliyewahi kukaa wiki sita akitafuta kwa nini roboti inapinda kushoto anajua kama kazi hiyo inamfurahisha au inamchosha. Huo ni msingi bora wa kuchagua kuliko kufuata wenzake.

Kuna jambo la kuangaliwa hapa. Katika timu nyingi zenye mchanganyiko, wavulana hushika roboti na wasichana hupewa kuchora bango na kusoma hotuba. Majaji wanaweza kuligundua hilo kwa maswali machache, lakini hasara kubwa ni ya msichana anayeondoka bila kuandika programu hata moja. Walimu wazungushe kazi, kila mtoto apite kila nafasi.

Shule isiyo na vifaa ianzie wapi?

FIRST LEGO League huhitaji roboti iliyojengwa kwa vipande vya LEGO, na seti hizo si rahisi kununua. Robotiki ya KSEF huacha nafasi kwa vifaa vingine, kama bodi ndogo za Arduino na mota zilizotolewa kwenye mashine mbovu. Kabla ya hayo yote, watoto wanaweza kujifunza kupanga maagizo kwa Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, kwenye kompyuta yoyote ya shule inayofanya kazi. Shule mbili jirani zinaweza pia kutumia seti moja kwa zamu.

Kaunti inaweza kufanya nini?

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC. Serikali ya kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hiyo kaunti haipangi mashindano haya wala haichagui timu.

Hata hivyo, vyuo vya ufundi vya kaunti vina karakana, na vinavyofundisha umeme vina wakufunzi wanaojua kuunganisha nyaya. Wakazi wanaotaka klabu za shule zifunguliwe milango huko siku za Jumamosi wanaweza kutoa hoja hiyo katika vikao vya maoni ya umma. Zingatieni tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hoja inayokuja baada ya hapo husubiri mwaka mwingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

• Haya ni mashindano gani, na ni nani anayeyaandaa?
• Gharama ni zipi, moja moja: usajili, usafiri, malazi, chakula? Omba orodha iliyoandikwa, na ulipe kupitia akaunti ya shule ili upewe risiti.
• Nani atasafiri na watoto, na je, kuna mwalimu wa kike ikiwa wamo wasichana?
• Mwanangu anafanya kazi gani katika timu?
• Familia isiyoweza kulipa itasaidiwaje ili mtoto aliyechaguliwa asiachwe?

Swali la mwisho liulizwe hata na mzazi mwenye uwezo. Mtoto akiachwa nyumbani kwa kukosa nauli, timu humpoteza mtu aliyeijua sehemu yake ya programu, na mbele ya majaji pengo hilo huonekana.